Shingo ya Mwenyekiti

Salamu ya kwetu haina njia ya mkato. Ni shavu la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena, na kama mlikuwa mmepotezana mnaanza upya kana kwamba hamjasalimiana kabisa. Kwa hiyo waliogundua mapema kwamba shingo ya Yitbarek mfumaji imeharibika hawakuwa waganga. Walikuwa ni watu aliowanyima shavu la pili.

"Yitbarek siku hizi anatoa shavu moja," walisema sokoni Gondar. "Uenyekiti umempanda kichwani."

Kichwani haukufika. Uliishia shingoni.

Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa chama cha kuzikana cha mtaa, ule ulio nyuma ya kanisa la Mikaeli. Si cheo cha kutikisa nchi, lakini mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha mahema na masufuria, ndiye anayegongewa mlango mtu akikata roho, na ndiye anayeketi mbele msibani akiwa amekunja uso inavyotakiwa. Kabla ya hapo Yitbarek alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa mashuka yake ya pamba, laini hata mabibi harusi wa Azezo walikuwa wakiyafuata. La pili lilikuwa mabega yake. Akiingia kucheza eskista, mabega yalikuwa yakienda kama yana mwenyewe mwingine, kifua kikitetemeka nyuma yake, na pumzi zikimtoka katikati ya meno kwa kufuata ngoma: tss, tss, tss. Mkewe Etagegn alimpendea mabega hayo na hakuwahi kuficha.

"Sura hakuwa nayo," aliwaambia majirani wakinywa kahawa. "Lakini mabega, jamani!"

Siku aliyokabidhiwa ufunguo, Yitbarek alijiambia kwamba mtu anayesimamisha hema la msiba asubuhi hawezi kuonekana harusini jioni akitikisa kifua. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijitungia sheria mwenyewe, akajihukumu mwenyewe, akakubali hukumu. Akaanza kutembea wima, mabega juu, shuka limezungushwa shingoni kwa kukazwa. Mchana alikuwa ameinamia nyuzi, miguu yake shimoni chini ya mtambo wa kufumia. Jioni alisikiliza shida za wanachama. Na mtu wa kwetu akisikiliza hajibu kwa maneno. Huvuta pumzi ghafla, hh! mabega yakiruka, kuonyesha kwamba amekubali, yuko nawe. Mwenyekiti akisikiliza wajane wawili na ugomvi mmoja wa masufuria, alikuwa ameshavuta pumzi ya kujaza tairi la lori. Kuitoa ndiko alikosahau.

Ikapita miaka sita hivyo. Shingo ilianza kwa kuuma asubuhi, ikahamia mchana, mwishowe maumivu yakajenga makazi kabisa. Akitaka kumtazama mtu wa kando ilimbidi ageuke mzima mzima, na miguu yake, kama mlango.

"Shingo yako iliugua siku ulipopewa ufunguo," Etagegn alimwambia. "Urudishe uone."

"Mambo ya uongozi huyaelewi, mama Wubit."

"Nayaelewa sana. Yanakaa hapa." Akambonyeza begani, naye akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

Alijaribu dawa, msidhani alikaa tu. Mganga wa mifupa alimpaka siagi, akamshika kichwa kama anayefungua mtungi, akakizungusha; kwa siku kadhaa Yitbarek hakuweza hata kuvaa shati bila kusaidiwa. Alikwenda kwenye maji ya baraka alfajiri, wakati wa baridi kali, akatoka roho imetakata na shingo imekaza zaidi kwa kutetemeka. Baada ya hapo akaamua kunyamaza na kuvumilia. Kumwambia mtu kwamba anaumwa hakutaka. Mwenyekiti yule alikuwa radhi kufa na tai shingoni, ingawa tai yenyewe hakuwahi kuivaa maishani.

Na huenda angekufa nayo kweli, kama binti yake Wubit asingerushiwa limau.

Aliyelirusha ni Anteneh, kijana fundi wa kujenga, siku ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Kristo, mwaka uliopita. Kijana akimrushia msichana limau siku ya Timkat na msichana akaliokota, hayo si mambo ya matunda tena. Wubit aliliokota. Wakapendana kwa adabu na kwa siri ambayo mtaa mzima uliijua, na mvua zilipokwisha washenga wakaja kuposa. Aliyewaongoza alikuwa babu yake Anteneh, mzee Ayalneh, mtu wa Gojjam aliyehamia kwetu zamani, msuluhishi wa kesi za mashamba, mwenye sauti nzito na ndevu zilizochanwa. Mtu wa kuogopwa.

Yitbarek alifanya kila kitu kama desturi inavyotaka. Akawaacha wasimame kidogo. Akajifanya hajui wamekuja kufanya nini. Akasema atafikiri, warudi tena. Kila mtu alijua kwamba amekubali. Ndipo wakaketishwa kula, na hapo ndipo pakaharibika.

Mzee Ayalneh aliketishwa upande wa kushoto wa Yitbarek, kwenye benchi la udongo la ukutani, mbele yao meza ya ukindu yenye injera na mchuzi wa kuku. Upande wa kushoto ndio uliokuwa mbaya zaidi. Mzee akaongea, Yitbarek akajibu akiutazama ukuta wa mbele. Mzee akasifu pamba ya nyumba ile, Yitbarek akaushukuru ukuta. Etagegn alimkonyeza mpaka kope zikachoka.

Kisha mzee akakunja tonge kubwa, injera na mchuzi na nusu ya yai ndani yake, akanyoosha mkono kumlisha mwenyeji wake. Gursha hiyo haikataliwi. Hata ukiwa umeshiba mpaka kooni, unageuka, unafungua kinywa, unapokea. Yitbarek aliuona mkono ukija kwa pembe ya jicho. Akajaribu kugeuka, shingo ikamchoma kisu, akabaki alipo. Mkono nao haukusita, ukaja moja kwa moja, na tonge lile la heshima likamwingia sikioni.

Mchuzi ukateremka taratibu kwenye shuka jeupe.

"Mkono wangu," akasema mzee Ayalneh, bado akitazama mbele, "haujawahi kurudishwa ukiwa na tonge tangu nizaliwe."

"Na sikio langu," akasema Yitbarek, naye akitazama mbele, "halijawahi kulishwa."

Washenga wakainuka. Kahawa ilikuwa bado jikoni.

Usiniulize nani alikuwa na makosa. Nyumba ile ilibishana jambo hilo mwezi mzima. Yitbarek alishikilia kwamba amepakwa mchuzi makusudi. Mzee, kwa habari alizoleta Anteneh, alishikilia kwamba ameketi na mtu saa nzima na hakutazamwa usoni hata mara moja, kisha gursha yake ikakataliwa mbele za watu. Alikuwa ametoa na neno la mwisho: kama jambo hilo halijatengenezwa ifikapo Timkat, atakwenda kuposa nyumba nyingine. Msimu wa harusi ni mfupi, kabla ya mfungo mkuu, na yeye ana umri wa kufa wakati wowote.

"Si umwambie tu kwamba unaumwa?" Wubit alimsihi baba yake.

"Nimwambie mtu aliyenipaka mchuzi sikioni kwamba mimi ni mgonjwa? Achekelee?"

"Abaye." Wubit alikuwa msichana mpole, na ndiyo maana wazazi wake wote wawili waligeuka kumsikiliza, baba yake akigeuka na miguu. "Mimi nitazeekea hapa ndani kwa sababu ya shingo yako. Nitakuwa nakufulia hilo shuka mpaka nife."

Akaingia chumbani. Walimsikia akilia, na Yitbarek, ambaye msibani alijua maneno ya kumwambia kila mtu, hakupata neno la kumwambia mtoto wake. Ilimuuma kuliko shingo. Asubuhi akamwambia mkewe amtafutie shuka lingine, wanakwenda hospitali.

Huko walimpiga picha za mifupa, wakamwambia hakuna kilichovunjika, wakampeleka kwa mtaalamu wa viungo. Alitegemea mzee wa miwani. Akamkuta msichana anaitwa Lemlem, mikono midogo, kicheko karibu, akimwita Gashe kama anavyoitwa mkubwa wa kuheshimiwa.

"Gashe, lala hapa. Mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. Vuta pumzi."

Akavuta. Mkono wa kifuani ukapanda mlima. Wa tumboni ukalala usingizi.

"Umeona mabega yako yanakwenda wapi?"

"Nitayaonaje na siwezi kugeuka?"

"Yanakwenda masikioni."

"Huko yatakutana na mchuzi," alisema Etagegn kutoka kwenye kiti.

Lemlem akamketisha, akambonyeza uti wa mgongo mfupa baada ya mfupa, katikati ya mabega, akigonga kama anayepima ukuta. "Huu ni ubao, Gashe. Sikiliza. Si kila shingo inaumwa kwa sababu hii, lakini yako naiona. Mtu akitaka kutazama kando, mgongo wa hapa juu unatakiwa kugeuka naye, na mbavu zifuate. Wako haugeuki. Shingo inageuka peke yake. Halafu kila ukivuta pumzi, misuli ya shingo ndiyo inayozinyanyua mbavu za juu, kwa sababu mbavu za chini na msuli wa chini yake vimelala. Kwa siku unavuta pumzi ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Basi zote hizo inazibeba shingo. Na kichwa juu yake. Hata punda angegoma."

Yitbarek akafikiri. "Kwa hiyo shingo siyo mbaya."

"Shingo ni mchapakazi aliyechoka. Wavivu ni majirani zake."

Hilo Yitbarek alilielewa vizuri kabisa. Chama chake kilikuwa na wanachama wa namna hiyo.

Akafundishwa kulala chali juu ya shuka nene lililoviringishwa na kukingamishwa chini ya mgongo, mikono wazi, akitoa pumzi polepole mpaka mbavu zishuke. Akafundishwa kupiga magoti, mikono sakafuni, kuupandisha mgongo na kuushusha kama paka aliyeamka. Akafundishwa kuketi amejikumbatia, akigeuza kifua kulia na kushoto, kichwa kikiwa abiria tu. Na kutoa pumzi, kutoa, kutoa. "Kuvuta kutakuja kwenyewe," alisema Lemlem. "Wewe ni tajiri wa kuvuta."

Kisha akauliza, "Kifua hiki hakijawahi kucheza kweli?"

"Eskista!" Etagegn aliruka. "Dada yangu, ungeyaona hayo mabega!"

"Sasa uliacha kwa nini, Gashe?"

"Mimi ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana."

"Ehe? Na marehemu walilalamika?"

Yitbarek akalizungusha shuka lake shingoni. Njiani kurudi nyumbani alisema msichana yule hana adabu, na Etagegn akavuta pumzi ya kukubali, hh, huku akitabasamu upande ambao mumewe hakuweza kuuona.

Zikaanza asubuhi za sakafuni. Mwanzoni alifungia mlango. Siku moja alisahau kuufunga, na Sisay, mweka hazina wa chama, mtu mnene mwenye haraka, akaingia kuomba ufunguo wa mahema. Akamkuta mwenyekiti wake amepiga magoti na mikono, mgongo juu, anapuliza kama mvukuto wa mhunzi.

"Mwenyekiti! Umeangusha nini?"

"Ufunguo," alisema Yitbarek bila kufikiri.

Basi Sisay, mtu mwema, naye akapiga magoti. Wakazunguka chumba kizima, Sisay akipapasa chini ya benchi, Yitbarek akipandisha mgongo na kuushusha, maana alikuwa hajamaliza zamu yake. Etagegn akaja na kahawa, akasimama mlangoni akiwatazama.

"Ufunguo si huo umeuvaa kiunoni?" alisema.

Mtaa ukapata la kusema. Wengine walidai mwenyekiti anafanya toba nzito. Yitbarek aliwaacha wadai.

Wubit ndiye aliyemsimamia. Kila asubuhi kabla ya kusokota pamba alimviringishia shuka, akamlaza, naye akajilaza sakafuni kando yake ili baba asione haya. Mwanzoni alikuwa mkali kama karani wa mahakama.

"Abaye, toa yote. Bado. Bado ipo."

"Imekwisha."

"Haijakwisha, naisikia."

Akatoa tena, na ikawapo kweli, nyingine, chini kabisa, mahali ambapo hakupakumbuka. Na alipoacha kusukuma, hewa ikarudi yenyewe, ikafungua mbavu za ubavuni kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba iliyokuwa imefungwa. Akamsikia mtoto wake kando yake, naye anavuta pumzi fupi fupi za juu, za mtu mwenye hofu. Ndipo akatambua kwamba Wubit hakuwa anamsimamia tu. Alikuwa anaomba Mungu kimoyomoyo.

"Na wewe toa," alimwambia.

"Natoa, Abaye."

"Hutoi. Naisikia."

Wakacheka wote wawili, na kicheko nacho, ukikitazama vizuri, ni kutoa pumzi tu.

Shingo haikupona kama kwenye hadithi. Siku nyingine ilirudi kwa hasira, hasa alipofuma muda mrefu bila kuinuka. Lakini akaanza kulala usiku. Akaanza kumwona jogoo wa jirani juu ya ua bila kusogeza miguu. Upande wa kulia ukalegea. Wa kushoto ukawa bado mkaidi. Na mara moja, alipodhani yuko peke yake, mabega yalimtoroka. Yaliruka kidogo tu, tss, tss, juu ya nyuzi. Akayakamata haraka akatazama mlangoni.

Timkat ikafika. Tabot, zile mbao takatifu za madhabahu, zikatoka makanisani juu ya vichwa vya makasisi, mji mzima ukiwa umevaa nyeupe, ngoma kila kona, vijana wakiruka na fimbo zao. Chama cha kuzikana kilitembea pamoja kama kila mwaka, Sisay mbele, uso wa kazi. Wubit alikuwa na wasichana wenzake wakipiga makofi. Hakucheza. Alikuwa anamtazama baba yake.

Mzee Ayalneh alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya geti la nyumba moja, chini ya mwavuli, watu wake wakiwa wamemzunguka, Anteneh amesimama nyuma akiwa amepauka kama aliyekuja kunyongwa. Yitbarek alimwona kutoka mbali. Alikuwa amepanga maneno ya kusema, na yote yakamtoka.

Akaenda mbele ya kile kiti, akapiga magoti barabarani, akayabusu magoti ya mzee.

Mzee hakumtazama. Uso wake ulibaki mbele, juu ya kichwa cha Yitbarek, kama anayetazama milima.

"Nani huyo?" alisema.

Etagegn alikuwa amejizuia tangu siku ya mchuzi, na uvumilivu ukamwishia pale pale. "Nani huyo! Mwanaume mzima kapiga magoti kwenye vumbi mbele yako, Gashe, na hata kumtazama chini humtazami? Heshima gani hiyo ya Gojjam?"

Watu wakageuka. Anteneh akafumba macho.

Lakini Yitbarek alikuwa chini, na kutoka chini mtu huona mambo. Aliyaona mabega ya mzee yamepanda karibu na masikio. Aliona kamba mbili za shingo zimesimama. Aliona pumzi zikiingia kidogo kidogo juu kifuani, hh, hh, na tumbo chini ya shuka halisogei hata kidogo. Alikuwa ameishi ndani ya mwili ule miaka sita.

"Gashe," alisema kwa sauti ndogo. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Shingo."

Ngoma zikapita. "Nani kakwambia?" alisema mzee mwishowe, bila kusogeza midomo.

"Hakuna. Inakuuma upande gani?"

"Wote." Kisha, chinichini zaidi: "Tangu nilipoanza kuamua kesi. Sijamwambia mtu. Watasema mzee amekwisha. Chini sioni, kando sioni. Nakula kwa kupapasa."

"Kwa hiyo lile tonge..."

"Nililenga kinywa kwa kukisia! Nikasikia nimegonga kitu, nikajua umefumba."

"Nilikuwa nimefungua, Gashe! Kilikuwa kimetazama ukutani!"

Mzee Ayalneh akaanza kutetemeka. Watu wake wakamkimbilia wakidhani kazidiwa. Alikuwa anacheka, na hakuweza kuinamisha kichwa kuficha kicheko, basi kila mtu akakiona chote, mpaka jino la mwisho.

"Simama," alisema huku akifuta machozi. "Simama nikuone, huko chini hupo."

Yitbarek akasimama. Wakasalimiana mashavu matatu, polepole, mzee akiwa ukuta, Yitbarek akihama kulia na kushoto kumzunguka. Hakuna salamu iliyowahi kuchukua muda mrefu namna ile.

"Wewe unasogea," mzee alimshutumu. "Umefanyaje?"

"Nalala sakafuni natoa pumzi. Na..." Yitbarek akasita. "Na kifua inabidi kicheze kidogo."

"Nionyeshe."

"Hapa?"

"Unataka mimi nilale hapa barabarani? Onyesha."

Yitbarek alitazama nyuma yake, kwa miguu, kama zamani. Chama chote kilikuwa kimesimama pale: wajane, wazee, Sisay mweka hazina. Watu ambao kesho yake wangemhitaji awe na uso wa msiba. Akalifungua shuka lililozunguka shingo yake, akampa Etagegn. Etagegn alilipokea kama mtu aliyelisubiri miaka sita.

Kwanza alitoa pumzi. Aliitoa yote, mpaka ile ya chini kabisa. Mabega yakashuka kutoka masikioni. Halafu ngoma ikamkuta: bega moja, jingine, yote mawili, kifua kikaanza kutetemeka, kigumu mwanzoni, kikitoa kutu, kisha kikashika. Tss, tss, tss. Mgongo ukakumbuka. Vumbi likainuka.

"Mwenyekiti!" Sisay alipiga kelele. Kama lilikuwa karipio au sifa, yeye mwenyewe hakujua, mpaka mikono yake ilipoanza kupiga makofi. Chama kikafuata. Mjane mmoja aliyefiwa mwezi huo huo alipiga kigelegele kuwazidi wote. Na kwenye kile kiti, chini ya mwavuli, bega la kulia la mzee Ayalneh liliruka mara moja, likatulia, likaruka tena.

"Linakwenda!" alisema mzee kwa mshangao. "Anteneh, umeliona?" Kisha akakumbuka alichokuja kutafuta duniani siku ile, akaikaza sauti yake ya kesi. "Yitbarek. Binti yako tunamtaka. Tutajie siku."

Yitbarek akasimama, kifua kinapanda na kushuka. "Chagueni nyinyi. Kabla ya mfungo."

"Abaye!"

Sauti ilitoka nyuma, upande wa kushoto. Akageuka. Hakupanga, hakusogeza miguu. Kifua kiligeuka, mbavu zikageuka, na kichwa kikaja juu yake kikiwa abiria, mpaka begani, mpaka nyuma ya bega.

Wubit alikuwa amesimama pale, shuka alilomfumia yeye mwenyewe limeshuka mabegani, uso umelowa. Alikuwa mrefu. Shingo yake ilikuwa ndefu na imenyooka, mikono yake ilikuwa ya mwanamke mwenye nyumba yake. Miaka sita Yitbarek alikuwa amemwona mtoto huyu kwa mbele tu, akileta sahani, akiondoa sahani, na lini amekuwa mtu mzima, hakujua. Alikuwa amehangaika miezi miwili usiku na mchana ili binti huyu aondoke nyumbani kwake. Sasa anaondoka.

Shingo wakati ule haikuwa ikimuuma hata kidogo.

"Abaye, mbona unalia?" Wubit aliuliza.

"Ni shingo," alisema Yitbarek. "Ni shingo tu, mwanangu."